Nilimcheka 2016, leo ndiye ananikosesha usingizi. Nimwambie au ninyamaze?

MamaSado

Habari zenu wakuu. Sijawahi kuanzisha uzi humu, huwa napita kusoma ya wenzangu, nacheka, naenda zangu. Leo ni zamu yangu kuchekwa.

Nina miaka 34, nauza dagaa mwaloni Kirumba hapa Mwanza. Nina mtoto mmoja wa kike, kaanza darasa la kwanza mwezi huu wa kwanza. Baba yake alikuwa dereva wa fuso, alikuwa anatubebea mzigo kwenda Tunduma. Safari moja aliishia Katoro kwa mwanamke mwingine, akakaa huko huko. Huyo msinishauri juu yake, amekwisha.

Nataka kusema habari za Fundi.

2016 nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, kule juu kwenye mawe, ambako ndoo ya maji unailipia maji halafu unaulipia mlima. Chini, njia inapoanzia, kwenye kibaraza cha duka la mangi, kulikuwa na fundi cherehani kijana. Ni mtu mwenye ualbino. Wakati ule hatukusema hivyo. Tulisema zeruzeru, na vijana wa kijiweni walisema "dili". Kama hukukulia kanda ya ziwa labda hujui uzito wa neno hilo. Akipita mtu kama Fundi, mmoja ananong'ona "dili hilo linapita", wenzake wanacheka, na wote wanajua maana yake ni kwamba kuna mganga mahali fulani kaweka bei ya mkono wake.

Na halikuwa jambo la kutungwa. Watu waliuawa, miaka ya 2007, 2008, 2009, Mwanza, Shinyanga, na Geita ambayo wakati ule ilikuwa bado wilaya yetu. Waganga walifutiwa leseni mwanzoni mwa 2009, na mwezi wa tatu mwaka huo huo zikapigwa kura za siri, kila mtu aandike jina la anayemshuku. Nilikuwa kidato cha nne. Mama alijaza karatasi yake kajifunika khanga mpaka kichwani, na mpaka leo hajatuambia alimwandika nani, ila kuna jirani mmoja hakuwahi kumpa moto tena. Ungedhani sisi tuliokulia ndani ya hayo ndio tungekuwa wa kwanza kuwa na utu. Mimi nilitoka na woga. Nikimwona mtu mwenye ualbino nilikuwa natema mate ndani ya blauzi, kama bibi alivyotufundisha. Bibi alisema hawafi, wanapotea tu. Nilikuwa mtu mzima, nina simu ya kupangusa, na bado sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inaamini hilo.

Nilifikaje kwenye kibaraza chake basi? Mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inapumzika siku saba mpaka kumi. Mwaloni unapooza. Unabaki unahesabu madeni. Kwenye chumba changu bati lilikuwa linawaka moto mchana, na kibaraza cha mangi kilikuwa na kivuli, na Fundi alikuwa na redio. Nikaanza kukaa pale. Kwanza mbali, karibu na magunia ya mkaa. Mwezi uliofuata nikasogea kwenye benchi.

Macho yake yanacheza, hayatulii, na haoni vizuri. Akishona anainama mpaka unaona kama sura inagusa kitambaa. Kila baada ya muda anasema, "Dada, nitungie uzi." Naupitisha kwenye tundu la sindano, namrudishia. Baada ya robo saa uzi umekatika tena. "Dada, samahani." Malipo yangu yalikuwa chai ya maziwa kwa mama lishe wa ng'ambo. Nilimwambia siku moja uzi wake ni mbovu abadilishe duka, akasema atabadilisha. Hakubadilisha.

Nisiwafiche, nilikuwa nafurahi pale. Alikuwa anajua mambo, anachambua mpira, anaiga sauti ya mwenyekiti wetu wa mtaa. Lakini nikipanda kwangu nilikuwa naosha mikono. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mwishoni mwa mwaka huo alinishonea gauni la kitenge. Nilipofika nyumbani nikakuta lina mfuko ambao sikuuagiza, na ndani ya mfuko kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliandika kwamba anapenda siku za mbalamwezi kuliko mtu yeyote Mwanza nzima, na kwamba anasubiri neno langu, hata likiwa hapana.

Sikumjibu. Nikahama Mabatini, nikaolewa, mengine mnayajua.

Sasa wiki mbili zilizopita nahangaika na sare za mtoto, mtu ananielekeza kwa fundi mmoja Pasiansi, "yule hakoseshi kipimo". Nafika, ni yeye. Ana chumba chake sasa, cherehani tatu, wasichana wawili wanajifunza kazi. Kanitambua kwa sauti kabla sijamaliza kupiga hodi. "Karibu dada wa dagaa." Basi, kwa heshima kabisa, kama mteja yeyote.

Alipokuwa anampima mtoto, mtoto kamtazama, kamuuliza kwa nini yeye ni mweupe hivyo na si mzungu. Mimi nikataka ardhi inimeze. Yeye akasema, "Umeona jora la kitambaa kabla halijatiwa rangi? Mimi ndiyo hivyo, nilizaliwa kabla ya rangi." Mtoto akafikiri, akauliza, "Sasa utatiwa lini?" Wakuu, yule mtu alicheka mpaka akavua pama lake akajipepea. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Nilitoka pale miguu si yangu.

Nasikia ana mchumba upande wa Sengerema. Zamani ningesema ah, kivuko kile, foleni ya Kigongo, uchumba utachoka wenyewe. Lakini tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 za lami juu ya maji, mtu anavuka huku anatafuna mahindi. Taifa zima linalishangilia lile daraja, mimi peke yangu nimeanza kulinunia.

Naomba ushauri. Nimwambie? Na swali jingine naona hata aibu kuliandika: ikitokea tumekuwa pamoja, tukizaa, mtoto atakuwaje? Nawasilisha.


KamongoWaIgombe

Fuso limeondoka ndio umeiona baiskeli. Hii chai ina sukari nyingi, ila endelea, tunakunywa.


MamaSado

Kamongo, kuhusu fuso umenipata. Lakini fuso limeondoka miaka mitatu sasa, na katikati hapo zimepita pikipiki na hata Land Cruiser moja ya mtu wa mabondo, sikupanda. Si shida ya usafiri.


NesiWaMagu

Mayu, nikujibu lile swali la mwisho kwanza, kwa sababu hilo lina jibu na la kwanza sidhani kama lina jibu.

Ualbino hauji kwa laana wala kwa mama kulala na jini. Ni urithi. Ili mtoto azaliwe nao, lazima apokee chembe ya urithi huo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Akipokea upande mmoja tu, ngozi yake inakuwa kama ya wengine na hatajua kamwe kwamba ameibeba. Ndiyo maana unakuta wazazi wote weusi tii, mtoto wa tatu anazaliwa na ualbino, na baba anaanza kumfukuza mkewe kwamba katembea na mzungu. Nimeshuhudia hiyo wodi ya wazazi, si mara moja. Mwanaume kasimama mlangoni anamwangalia mtoto kama anaangalia hati ya mashtaka, na kumbe nusu ya urithi ule katoa yeye.

Hapa Tanzania inakadiriwa mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino, na karibu 1 katika kila 19 ameibeba ile chembe bila kujua. Sasa wewe na huyo fundi: kama wewe huna, watoto wenu hakuna atakayekuwa na ualbino, ila wote wataibeba. Kama unayo, kila mimba ni nusu kwa nusu. Mwaloni mna wanawake wangapi? Wahesabu kwa kumi na tisa tisa, kisha ukae ufikiri ni wangapi kati ya waliokuwa wanatemea mate blauzi wanayo ndani yao.

Na hata akizaliwa nao, ni mtoto. Atahitaji pama, mikono mirefu, kukaa dawati la mbele, na mafuta ya kukinga jua, yale ya Kilisun wanayotengeneza hospitali ya KCMC Moshi ni mazuri sana ukiyapata. Kinachowaua mapema siku hizi ni jua, saratani ya ngozi. Jua letu la saa saba unalijua.

Kuhusu kumwambia au kutomwambia, mimi ni nesi tu.


MzeeWaGati

Binti yangu, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa.

Nilikuwa kuli bandarini Mwanza Kusini na Kaskazini, miaka ya 1989 mpaka 2001. Kuna mama mmoja, wakati huo msichana, alikuwa anakuja na meli kutoka Kemondo na mikungu ya ndizi. Mhaya. Mimi Msukuma wa Misungwi, baba yangu ana ng'ombe na ana maneno. Mnayajua maneno yaliyokuwa yanasemwa juu ya wanawake wa Kihaya, sitayarudia, binti zangu wanasoma humu. Baba alisema mahari ya ng'ombe wake haivuki maji. Nikasema sawa, nitasubiri mzee alainike. Nikasubiri. Nilikuwa nambebea mikungu yake bila kumtoza, huo ndio ukawa uchumba wenyewe, na sina hakika kama yeye alijua kuwa ni uchumba. Labda aliona ni kuli mjinga.

Tarehe 21 Mei 1996 asubuhi MV Bukoba ikazama, imebakiza safari kidogo tu ifike. Mamia ya watu. Ilikuwa siku yake ya kuja. Nilizunguka siku nne, sijala, nasoma majina, nauliza, nimekwenda mpaka Igoma walikokuwa wanazikwa wasiotambuliwa, nimesimama pale nalia kama mjane na hakuna anayejua mimi ni nani wa nani.

Wiki ya tatu nikamwona sokoni. Mzima. Wiki ile alikuwa mgonjwa, hakusafiri. Kasimama na mikungu yake. Nilimsogelea moyo unanipiga mpaka masikioni, nikafungua kinywa, nikamuuliza, "Ndizi bei gani?"

Akanitajia bei. Nikanunua chane moja. Mwaka uliofuata nikasikia kaolewa Muleba.


NesiWaMagu

Mzee, chane moja!


MzeeWaGati

Zilikuwa za kupika na sikuwa na mafuta.


BintiNansio

MamaSado, mimi nina ualbino. Nimezaliwa Ukerewe, nafundisha shule ya msingi. Nimesoma uzi wako mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, ya pili nikiwa nimekula.

Nianze na mambo madogo. Ahsante kwa kuandika kuhusu kuosha mikono. Tunajua mnaosha. Mtu akinipa mkono na kisha akaushusha pembeni ya mwili wake kama kaubeba kwenye chombo, nakuwa nimeshajua safari yake ya kwanza ni bombani. Hakuna aliyewahi kukiri, wewe wa kwanza.

Sasa nikusimulie. Kabla ya mume wangu nilikuwa na mtu mwingine, msomi, wa hapo mjini kwenu. Alinipenda sana mbele za watu. Tukiingia hotelini anachagua meza ya katikati. Tukitembea Makongoro ananishika mkono na huku anaangalia nani anatuangalia. Aliweka picha zetu kwenye simu yake na maneno marefu kuhusu upendo usioona rangi, watu wanampongeza, mia mbili, mia tatu. Tukirudi ndani, tukiwa wawili, alikuwa anachoka. Nikimwambia jua limeniunguza shingo ananipa pole bila kuinua macho. Nilichukua mwaka na nusu kuelewa kwamba sikuwa mpenzi wake, nilikuwa ushahidi wake. Kuna mtu alimkosea zamani, dada fulani wa darasani kwao mwenye hali kama yangu, walimtesa. Mimi ndiye niliyekuwa nalipwa deni la yule dada, na kwa kuwa mimi si yeye, deni halikuwa linaisha.

Mume wangu ni mvuvi. Hajui kwamba tarehe 13 Juni ni siku ya ualbino duniani. Anajua kofia yangu ya pili iko wapi. Ananigombeza ugali ukiwa laini. Siku aliponunua mwavuli aliununua kwa sababu wa zamani ulikuwa unavuja, hakutoa hotuba.

Ndiyo maana nakuuliza, na usinijibu haraka: yule mtu wa Pasiansi unamtaka yeye, au unataka asikuone tena kama mtu wa 2016? Maana la pili linaweza kufanyika bila kumharibia uchumba.

Na kuna mahali umeruka. Umeeleza karatasi imekunjwa mara nne, umeeleza maneno yake, halafu "sikumjibu", nukta, umehama, umeolewa. Mimi ni mwalimu, nasahihisha insha themanini kwa wiki. Mtoto akiruka hivyo najua hapo ndipo alipovunja dirisha. Karatasi uliifanyia nini?


KamongoWaIgombe

Mwalimu katisha.


MamaSado

Nimekaa na hili swali tangu jana usiku. Nilikuwa sitaki kuliandika.

Kesho yake nilikwenda nayo mwaloni. Tulikuwa tunachambua dagaa, wanawake kama tisa. Niliwasomea. Niliisoma kwa sauti yake, kwa sababu naweza kuiiga, kama yeye alivyokuwa anamwiga mwenyekiti. Walicheka mpaka mmoja akajilaza juu ya magunia. Mwingine akasema, "Olewa, utazaa dili, tutajenga ghorofa." Na mimi nikacheka. Sikucheka kidogo, nilicheka kwelikweli, nilikuwa najisikia mtu mwenye watu. Halafu muuza karanga akapita, karatasi zimemwishia, mmoja akamnyooshea ile barua, akaikunja koni, akatupimia karanga humo. Tukala.

Na nilipoinua kichwa, nyuma ya magunia, upande wa wanakopimia, niliona pama linaondoka. Taratibu, halikimbii. Nilijiambia mapama ni mengi Mwanza. Nimejiambia hivyo miaka tisa.

Mwalimu, swali lako sijui jibu lake. Usiku nasema namtaka yeye. Asubuhi nikiwasha moto nasema hapana, nataka kusamehewa, hayo mengine ni mapambo. Jumamosi nafuata sare.


BintiNansio

Nenda kafuate sare.


MamaSado

Wakuu nimerudi. Samahani nimekaa siku nne kimya.

Nilikwenda Jumamosi saa tatu asubuhi, mtoto nimemwacha kwa jirani makusudi. Nilivaa vizuri, nikavua, nikavaa vya kawaida. Nilikuta wale wasichana wanaojifunza wamekwenda kununua vifungo, yuko peke yake anamalizia kola. Uzi ukamkatikia. Nikasema, "Lete nikutungie," nimeshanyoosha mkono. Akasema asante, akachukua kwenye kopo lake kijiwaya chembamba chenye kitanzi mbele, akakipitisha kwenye tundu kwa kupapasa, akavuta, uzi ukaingia. Haikufika sekunde tano. Hakuinama hata.

Nikamuuliza hicho kidude amekipata lini. Akasema, "Hiki? Nilipewa na aliyenifundisha kazi, siku ya kwanza. Nina miaka kumi na minane nacho."

Hesabu mnaijua kuipiga. Nami niliipiga pale pale nimesimama, mkono bado uko hewani.

Yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka. Nilisema tu, "Fundi, ile siku ya mwaloni." Akaendelea kushona. Akasema, "Nilikuwa nimefuata dagaa sado moja." Nikasema, "Naomba unisamehe." Cherehani ikasimama. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akairudisha. Akasema, "Barua nilishaisahau maneno yake. Sauti yangu ndiyo sikuisahau, uliipatia sana. Nilikuwa sijui naongea hivyo." Halafu akasema, "Nimekusamehe zamani, dada, maana nilikuwa na kazi nyingi." Sikujua kama ni utani. Nikamuuliza kama siku ile aliwapata hao dagaa. Akasema alinunua kwa mama mwingine, kule mwisho, wale wa mchanga, wakamsumbua meno wiki nzima.

Tukacheka. Kidogo.

Kuna picha ukutani ya dada mmoja kavaa gauni la kijani. Aliona naiangalia, sijui aliionaje, akasema wanapeleka barua ya posa wiki moja baada ya Pasaka. Nikasema hongera. Nadhani nilisema hongera.

Akanipa sare. Sketi mbili za marinda, mashati mawili. Nikalipa 46,000, hakupunguza hata mia na mimi sikuomba. Akaigeuza sketi kwa ndani anionyeshe, kama wanavyofanya mafundi wanaojiheshimu. Akasema, "Pindo nimeacha inchi tatu, mtoto anarefuka. Mwakani usinunue nyingine, mpelekee fundi yeyote akufumulie."

Fundi yeyote.

Mwalimu, wabeja sana. Mzee, nimekukumbuka pale mlangoni, nusura niulize bei ya vifungo. Nesi, nitakuja huko Magu, kuna mambo nataka kuuliza kwa faida ya wanawake tisa, watatu wao bado wanazaa.

Mtoto kaivaa jana kwenda shule. Imemkaa.


KamongoWaIgombe

Pole dada. Kwa moyo kabisa. Ile ya fuso naifuta.

Sado ya dagaa inakwenda bei gani siku hizi?


MamaSado

Hakuna mzigo, mbalamwezi imeanza jana. Pita wiki ijayo, giza likirudi.